Kalemie: Matangazo ya baiskeli za bei kali yanasema mengi, barabara inajibu vingine

KALEMIE – Asubuhi mapema, kabla jua halijapanda juu ya ziwa, kinga za kwanza zinavuka Lukuga kuingia mjini. Hazina mtu juu ya kiti. Wenye nazo wanazisukuma kwa miguu, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye fimbo iliyofungwa nyuma ya magunia ya makala. Nyingine zimebeba mihogo, nyingine bidoni za mafuta ya mawese. Kwa familia nyingi za jimbo la Tanganyika, kinga ndiyo lori, ndiyo taksi, ndiyo shamba la pili.

Katika simu za vijana wa mji huu huu, baiskeli ni kitu kingine kabisa. Ni chombo chembamba cheusi cha kaboni, na juu yake kuna mtu aliyevaa nguo za kubana, miwani mikubwa na kofia yenye umbo la tone la maji. Chini ya picha kuna maneno: nyepesi kuliko zote, kasi zaidi, inaokoa nguvu, imepimwa na wataalamu. Bei ya baiskeli kama hiyo huko ngambo inaweza kupita dola 10 000.

Kati ya picha hiyo na daraja la Lukuga kuna swali ambalo kila anayetafuta kinga, awe mbeba makala au kijana anayependa mchezo, analazimika kujiuliza: katika maneno hayo yote, ni yapi ya kweli, na yanamsaidia nani?

Wote walikuwa na baiskeli nzuri

Mchezo wa baiskeli ulifika karibu sana na Kongo ya mashariki mwezi wa tisa mwaka wa 2025. Kuanzia tarehe 21 hadi 28, Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Kwa Wakongomani wengi lilikuwa jambo chungu. Goma na Bukavu zilikuwa mikononi mwa M23, na tangu mwezi wa pili Bunge la Ulaya lilikuwa limetaka mashindano hayo yafutwe kama Rwanda isingebadili mwenendo wake. Mashindano yalifanyika hata hivyo, na picha zake zilizunguka eneo lote la maziwa makuu.

Siku ya mwisho wanaume walikimbia kilometa 267,5 kwenye milima. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda. Zaidi ya watu 160 walianza, lakini 30 tu ndio waliofika mwisho.

Hapo kuna somo ambalo tangazo haliwezi kulitoa. Karibu wote walioacha njiani walikuwa na baiskeli za kiwango cha juu, za kaboni, zenye magurudumu ya bei kali. Kama chombo ndicho kingekuwa kinashinda, wangefika kundi zima kwa pamoja. Kilichowatenganisha ni moyo, mapafu, miguu, miaka ya mazoezi na chakula.

Ni vizuri pia kukumbuka kwamba mwendeshaji wa kulipwa kwa kawaida hachagui baiskeli yake. Timu yake inapewa baiskeli na kampuni, na mara nyingi inapewa pesa pia, ili chombo hicho kionekane kwenye televisheni. Shati lake nalo ni ubao wa matangazo wa benki, wa bima, wa duka. Anaposema kwamba baiskeli yake ni bora, anasema kama mfanyakazi anayesifu bidhaa ya anayemlipa.

Mfano mkubwa zaidi ni Lance Armstrong, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara 7, kuanzia 1999 hadi 2005. Kwa miaka mingi makampuni yalimtumia kuuza baiskeli, nguo, viatu na miwani. Mwaka wa 2012 alinyang'anywa ushindi wote huo kwa sababu ya dawa zilizokatazwa, na mwanzoni mwa 2013 alikiri mwenyewe kwenye televisheni. Watu waliokuwa wamenunua baiskeli kama yake walikuwa wamelipia kila kitu, isipokuwa siri yenyewe.

Hesabu ya upepo

Si haki kusema kwamba matangazo yote ni uongo. Mara nyingi namba zilizoandikwa ni za kweli. Shida ni kwamba zilipatikana katika hali ambayo si ya mnunuzi.

Tuchukue tangazo la kawaida: magurudumu haya yanaokoa wati 20. Wati ni kipimo kile kile kinachoandikwa kwenye taa. Mtu wa kawaida anayekanyaga pedali kwa mwendo wa kuweza kudumu hutoa wati 100 hivi, kwa hiyo 20 inaonekana ni zawadi kubwa. Lakini kipimo kama hicho kwa kawaida hufanywa ndani ya chumba cha upepo, kwa kasi ya kilometa 45 kwa saa au zaidi. Na nguvu inayotakiwa kuupasua upepo haipandi sawasawa na kasi. Ukiongeza kasi mara mbili, nguvu hiyo inapanda mara nane.

Sasa turudi Kalemie. Kinga iliyobeba mzigo kwenye njia tambarare inakwenda labda kilometa 12 kwa saa. Kutoka 45 hadi 12, nguvu ya kupasua upepo inapungua zaidi ya mara 50. Zile wati 20 za tangazo zinabaki chini ya nusu wati. Kumfunga mtu kamba vizuri kwenye gunia ili lisiyumbe kutamsaidia zaidi.

Hesabu ya uzito nayo iko hivyo hivyo. Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, limekataza tangu mwaka wa 2000 baiskeli ya mashindano yenye uzito chini ya kilo 6,8. Makampuni yanashindana kupunguza gramu ili kufika pale, na kila gramu ina bei yake. Kwa mkimbiaji anayepanda mlima akiwa mwepesi, kilo moja ina maana. Lakini mtu wa kilo 65, na kinga ya kilo 22, na makala ya kilo 110, ni karibu kilo 200 zinazokwenda pamoja. Kupunguza kilo moja hapo ni kupunguza nusu ya asilimia moja. Kiazi kilichoongezwa kwenye gunia kinaifuta faida hiyo.

Tofauti ya mita 10

Kuna historia moja inayoonyesha pande zote mbili za jambo hili. Mwezi wa kumi mwaka wa 1972, Mbelgiji Eddy Merckx alikimbia peke yake kwa saa moja kwenye uwanja wa Mexico na kufika kilometa 49,431. Baadaye wengine walikuja na magurudumu mazito ya sahani, kofia ndefu na mikao ya ajabu ya mwili. Mwaka wa 1996 Mwingereza Chris Boardman alifika kilometa 56,375, mikono yake ikiwa imenyooshwa mbele kabisa.

Ndipo UCI ikaamua kwamba anayetaka rekodi hiyo atumie baiskeli ya mtindo ule wa Merckx. Mwaka wa 2000 Boardman yule yule alirudi uwanjani na baiskeli ya kawaida. Alifika kilometa 49,441. Miaka 28 ilikuwa imepita, na tofauti ilikuwa mita 10.

Kwa hiyo vyombo vina kazi. Kwa mtu anayekwenda kilometa 50 kwa saa peke yake uwanjani, mkao na vifaa vilimpa karibu kilometa 7. Mtaitaliano Filippo Ganna, mwaka wa 2022, alifika kilometa 56,792 baada ya sheria kulegezwa tena. Anayeuza kifaa hasemi uongo anapotaja mambo hayo. Anachokiacha ni kwamba mnunuzi wake si Ganna.

Matairi yaliyobadilisha maneno

Kama kuna jambo ambalo lingewafanya mafundi wa kinga wa Kalemie wacheke, ni lile la matairi. Kwa miaka mingi, wauzaji wa baiskeli za mashindano walifundisha kwamba tairi jembamba lililojazwa upepo mpaka likawa gumu kama jiwe ndilo lenye kasi. Milimita 23 ilikuwa kawaida, na wengine walishuka mpaka 20. Watu walilipia wembamba huo.

Halafu vipimo vilionyesha kwamba kwenye barabara ya kweli, yenye mabonde na mawe, tairi gumu linarukaruka. Kila mruko unamnyanyua mtu na baiskeli yake, na nguvu za miguu zinapotea katika kutetemeka. Leo timu kubwa zinatumia milimita 28, 30 na zaidi, na matangazo yanasifu upana kwa sauti ile ile iliyosifu wembamba. Wengi walilazimika kununua baiskeli nyingine, maana tairi pana halikuingia kwenye ile ya zamani.

Tairi la kawaida la kinga ya mzigo, lile linaloandikwa 28 x 1½ pembeni, lina upana wa milimita 40 hivi. Wabeba makala hawakungoja chumba cha upepo kuwaambia.

Jezi, bangili na viatu

Kwenye nguo, maneno ni mengi zaidi kwa sababu nguo haipimwi kirahisi. Kalemie ni mji uliojua vitambaa: kiwanda cha Filtisaf kilisokota na kufuma pamba hapa kabla mashine zake hazijanyamaza. Leo nguo nyingi zinatoka kwenye mitumba, na kati yake zinaonekana mara nyingine jezi za baiskeli zenye majina ya kampuni za Ulaya.

Jezi hizo zina majina ya kiteknolojia yanayobadilika kila mwaka. Lakini kwenye kipande kidogo kilichoshonwa ndani, pale inapoandikwa nguo ilivyotengenezwa, jina linalorudi ni moja: polyester. Ni nyuzi zile zile za jezi ya mpira wa miguu ya mtumba. Ni kweli kwamba zinakauka haraka kuliko pamba, na mtu anayetokwa na jasho kwenye joto la ziwa atasikia tofauti. Si kweli kwamba lazima alipe mara kumi ili asikie tofauti hiyo.

Kaptura yenye sponji ina faida kwa mtu anayekaa saa tatu au nne juu ya kiti. Anayesukuma kinga kwa miguu haihitaji. Kofia ya kulinda kichwa ina maana kubwa, lakini bei si kipimo cha usalama wake. Huko Ulaya kofia ya bei ndogo na ya bei kubwa lazima zipite jaribio moja, linaloitwa EN 1078. Chuo Kikuu cha Virginia Tech cha Marekani, kinachopima kofia na kuzipa nyota, kimetoa nyota 5 kwa baadhi ya kofia za bei ya kawaida.

Kuna bidhaa nyingine ambazo hazikuwa hata na ukweli mdogo. Kampuni ya Power Balance iliuza duniani kote bangili ya mpira yenye kipande kinachong'aa, ikidai kwamba inaongeza nguvu na usawa wa mwili. Wachezaji mashuhuri waliivaa. Mwishoni mwa 2010, mbele ya mamlaka ya kulinda wanunuzi ya Australia, ilikiri kwamba haikuwa na ushahidi wa kisayansi wa kuaminika. Mwaka wa 2012 kampuni ya Skechers ilikubali kulipa dola milioni 40 huko Marekani, kwa sababu ya matangazo yaliyodai kwamba viatu vyake vinapunguza uzito na kukaza misuli ya mtu kwa kutembea tu.

Katika nchi hizo kulikuwa na ofisi iliyouliza: ushahidi uko wapi? Kwetu, kazi ya kuchunguza ubora wa mali inayoingia nchini ni ya Office Congolais de Contrôle, OCC. Lakini mnunuzi aliye sokoni, mbele ya kinga yenye karatasi mpya inayong'aa kwenye chuma cha zamani, anabaki mara nyingi peke yake na macho yake.

Waliopewa kazi ya kutengeneza kinga ya Afrika

Ng'ambo ya ziwa, upande wa Zambia, kuna jibu moja la kuangalia. Shirika la World Bicycle Relief lilianzishwa mwaka wa 2005, baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi. Mmoja wa waanzilishi wake, F.K. Day, anatoka SRAM, kampuni ya Marekani inayotengeneza vifaa vya baiskeli, vikiwemo vile vya mashindano. Walipotaka kutengeneza baiskeli kwa ajili ya wanafunzi, wakulima na wahudumu wa afya wa vijijini, hawakuleta kaboni.

Walileta Buffalo: chuma kinene, gia moja, breki inayofanya kazi kwa kurudisha pedali nyuma, na karia ya kubeba kilo 100. Uzito wake ni kilo 23 hivi, zaidi ya mara tatu ya baiskeli ya mashindano. Watu wanaojua kabisa gramu zinavyouzwa waliamua kuongeza chuma, kwa sababu swali lilikuwa: ikivunjika kijijini, nani ataitengeneza?

Chuma kikikatika Nyunzu au Bendera, mwenye mashine ya kuunganisha vyuma anaweza kukirudisha siku hiyo hiyo. Kaboni ikipasuka huko, hakuna wa kuigusa.

Pesa kidogo iende wapi

Vitu vinavyobadilisha kweli kazi ya kinga havina matangazo, kwa sababu havimtajirishi mtu.

Cha kwanza ni upepo. Tairi lililolegea chini ya mzigo linakula nguvu kila mzunguko, linaharibu janti na kuvuta misumari. Kulijaza kila asubuhi kunaokoa zaidi ya magurudumu ya bei kali.

Cha pili ni mnyororo. Ukiwa safi na wenye mafuta, unapitisha asilimia 95 au zaidi ya nguvu za miguu. Ukiwa mkavu na wenye mchanga, unapoteza nguvu na kuyala meno ya gia. Kuujua umechoka hakuhitaji mtaalamu, kwa sababu utepe wa fundi cherehani unatosha. Pini 25 zinazofuatana, kutoka katikati ya ya kwanza mpaka katikati ya ya mwisho, zinapaswa kupima sentimita 30,5. Zikifika 30,8, ubadilishwe kabla haujaharibu mengine.

Cha tatu ni grisi kwenye goroli za magurudumu na za pedali, hasa baada ya mvua. Cha nne ni kuonekana usiku. Kwenye barabara zisizo na taa, gile yenye mistari inayorudisha mwanga, kama ile ya wafanyakazi wa barabarani, ina faida kuliko jezi yoyote ya Ulaya, maana dereva wa lori anamwona mtu mapema.

Kwa anayekwenda kununua, maswali manne yanatosha kumtenganisha muuzaji na maneno yake. Umelinganisha na nini: na kinga nyingine za sokoni, au na ile yako ya mwaka jana? Ilipimwa kwa kasi gani na mzigo gani? Ikiharibika, kipuri kinapatikana hapa Kalemie? Na je, naweza kuizungusha gurudumu na kuipanda kwanza kabla ya kulipa? Muuzaji mwenye mali nzuri hakasiriki kwa maswali hayo.

Breki kwanza

Kinachobaki ni breki, na hapo jambo si la pesa tu. Kinga nyingi za mzigo zina janti za chuma kinachong'aa. Janti hizo zinapendeza, lakini zikilowa mvua breki inateleza juu yake na kinga haisimami. Janti za alumini hazina mng'ao ule, ila zinashika vizuri zaidi kwenye maji.

Mvua inaponyesha Kalemie, njia zenye mteremko zinageuka matope mekundu, na mtu anayeshuka na magunia mawili nyuma yake anamaliza kazi ya breki kwa kukandamiza kandambili juu ya tairi. Mipira minne mipya ya breki ni kati ya vitu vya bei ndogo zaidi kwenye meza ya fundi. Mwenye pesa za kitu kimoja tu leo, na aanzie hapo.